Mimi ni Idara ya Furaha

Kwa aliyekuwa safarini, au aliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, nakufupishieni haraka haraka.

Jina langu Marhoon. Miaka hamsini na mbili. Fundi wa AC, Wadi Kabir, hapa Maskati, mlango wa tatu ukishapita gereji ya rangi. Mke wangu alifariki, huu mwaka wa nne. Mwaka huu wa 2002 nikamposa Nasriya, mwalimu wa hesabu, naye kafiwa na mumewe. Nasriya mwenyewe alikubali. Mama yake, Bi Muhsina, akakataa.

"Fundi wa baridi," alisema. "Ukiingia Disemba na baridi yake, atakula nini?"

Yeye alikuwa anataka mkwe wa serikalini. Mtu wa pensheni.

Basi wiki iliyopita nikakuelezeni nilivyokwenda kwake Al Khoudh kumtengenezea AC yake bure ili moyo ulainike, na AC ilivyochomoka ukutani ikaangukia banda la kuku. Wawili walikufa. Wa tatu mpaka leo anatembea upande.

Nilikuwa nimeshakata tamaa, wallahi. Na sasa niungame namna nilivyokuja kukubaliwa na Bi Muhsina bila kusema uongo hata mmoja. Ningesema uongo ingekuwa afadhali.

Lazima nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 1979 nilipelekwa Leeds, Uingereza, kusomea diploma ya majokofu. Chumba cha pili alikaa Mwingereza mmoja mwembamba, akipiga gitaa kama mtu anayekata mabati kwa msumeno. Mwezi wa kwanza nilimgongea ukuta anyamaze. Mwezi wa pili nikamgongea mlango aniazime kaseti.

Nikarudi Maskati na diploma moja na kaseti arubaini.

Muziki wenyewe Wazungu wanauita post-punk, maana ulikuja baada ya zile kelele za punk. Sisi tunauita muziki wa mabati. Nikisema sisi, nna maana watu watatu. Katika Maskati nzima tunajijua watatu tu.

Wa kwanza mimi. Wa pili Sleyum, kijana wa chuo kikuu, anasoma jiolojia, yaani mawe. Nywele zake ziko juu hata akivaa kofia, kofia inaelea. Huyu ni mjukuu wa Bi Muhsina, na Nasriya ni mama yake mdogo. Wa tatu Mike, Mkenya, fundi wa sauti hotelini. Mike akisema maneno kumi kwa siku, ujue ni sikukuu.

Alhamisi moja, baada ya adhuhuri, nimeshafunga kazi, tumekaa watatu dukani kwangu, Mike akatoa karatasi nne alizozichapa kwenye kompyuta ya hoteli.

"Mzee, hii nimetoa kwa intaneti. Ni maswali. Unajibu, halafu inakuambia wewe ni bendi gani."

"Mimi niwe bendi?"

"Tabia yako. Inafanana na bendi gani ya mabati."

"Na nikishajua?"

"Utakuwa umejua."

Huyo ndiye Mike.

Sleyum akawa msomaji. "Swali la kwanza. Mvua inanyesha na huna mwamvuli. Unafanya nini?"

Tukatazamana. Maskati mvua ikinyesha watu wanapakia watoto kwenye gari wakaitazame.

"Hakuna jibu la kusema alhamdulillah?" nikauliza.

"Hamna, ami. Kuna 'nakunja kola ya koti langu na kuendelea kutembea.'"

"Koti?"

"Swali la pili ndilo hilo. Koti lako refu jeusi umelinunua wapi?"

Nje digrii arubaini na nne. Nikamwambia aandike kuwa koti ninalo, niliacha Leeds.

Tukaenda hivyo hivyo mpaka swali la saba. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Umempelekea ujumbe umpendaye," akasoma Sleyum, majibu akiyapa herufi za Kiarabu, "na jibu limekuja baya. Alif, unamwandikia mwingine mkali zaidi. Be, unalaumu uchumi. Te, unakwenda kucheza peke yako. The, unakaa chumbani unatazama ukuta."

Hata Mike, ambaye kutosema ni kawaida yake, siku ile alinyamaza zaidi.

"Ami," Sleyum akasema kwa upole, "nikuandikie ya mwisho?"

"Niandikie, mwanangu."

Tukajumlisha. Mike akatoka Wire, bendi ya watu wa nyimbo fupi fupi, wimbo unaanza na wewe hujakaa sawa umekwisha. Haki yake. Sleyum akatoka The Cure, wenye nywele na mapenzi. Haki yake nayo. Mimi nikatoka Joy Division.

Kwa asiyeijua: jina lina neno furaha ndani yake, na hata historia ya jina lenyewe ni chungu, si ya kuhadithia gazetini. Nyimbo zake ukizisikiliza, unataka kumpigia simu mama yako umwombe radhi.

"Inakufaa, Mzee," akasema Mike.

Tukacheka, tukanywa chai, tukaagana. Nilidhani yamekwisha.

Haya yafuatayo sikuyaona kwa macho yangu. Nilihadithiwa na Sleyum, tena alichelewa.

Nyumba ya Bi Muhsina ina sharti moja. Kizungu hakiingii. Kiarabu ruhusa, Kiswahili ndicho cha nyumbani, Kizungu unakivua mlangoni pamoja na viatu. Wajukuu wote wanalijua hilo. Likiponyoka neno moja tu, kidole cha bibi kinapanda juu, na hakishuki mpaka useme upya.

Ijumaa, watu wanakula, Bi Muhsina akamuuliza mjukuu wake:

"Jana mlikuwa mmejifungia kwa yule muuaji wa kuku mkifanya nini?"

"Tulikuwa tunatafuta kila mtu ni nani, bibi."

"Mkapata?"

"Tumepata. Mimi ni The..."

Kidole kikapanda.

"Mimi ni Tiba," akasema Sleyum.

Bi Muhsina akaacha kutafuna. "Tiba? Si ulikuwa ukisoma mawe?"

"Ndivyo ilivyotoka, bibi. Na yule Mkenya, Mike, yeye ni Waya."

"Huyo anaonekana tu. Na Marhoon?"

Sleyum akafikiri. Joy ni furaha, hilo halina taabu. Division je? Akakumbuka barua za maofisini zinavyoandikwa juu kabisa.

"Ami Marhoon ni Idara ya Furaha."

"Idara?"

"Idara, bibi."

Bi Muhsina akasukuma sahani. "Na siku zote hizi akijitia fundi!"

Sleyum anasema mdomo wake ulikuwa umejaa wali. Alipomeza, bibi alikuwa kashafika kwenye simu.

Simu ikalia kwangu, bado nna kanzu ya Ijumaa mwilini.

"Marhoon."

"Bi Muhsina! Yule kuku wa tatu hajambo?"

"Wachana na kuku. Mbona hukunambia, mwanangu?"

Mwanangu! Nilikaa chini.

"Kukwambia nini, mama?"

"Kuwa wewe ni Idara ya Furaha."

Moyo uliniruka. Nikajua Sleyum kamwekea kaseti. Nikajisemea, loo, muziki huu kumbe hauna umri, umemfika mpaka Bi Muhsina.

"Niliona haya, mama. Wengi hawaifahamu."

"Haya ya nini? Jambo la kujivunia hilo! Mko wangapi?"

"Wenyewe walikuwa wanne."

"Wanne tu? Ndogo, lakini vizuri, haina fitina. Na mkubwa wenu nani?"

"Yule aliyekuwa mbele kafariki, mama. Zamani, mwaka wa thamanini."

"Maskini! Ikafungwa?"

"Haikufungwa. Waliobaki wakabadilisha jina wakaendelea."

"Ah, ndo kazi yao, kila siku kubadilisha majina. Siku hizi inaitwaje?"

Nikaona nami nilitie Kiswahili, nisije nikatolewa kidole kwa simu. Bendi ile ya pili inaitwa New Order.

"Tuseme... Amri Mpya."

Sauti yake ikashuka, chini chini, ya heshima, kama mtu kaingia msikitini.

"Imetoka amri mpya?"

"Imetoka, mama."

"Basi na pensheni imo ndani yake."

Pensheni!

Hapo ndipo nilipofahamu. Nilifahamu yote kwa mara moja, kama taa ya dukani inavyowaka. Huyu bibi hasemi bendi. Huyu bibi anasema ofisi. Anadhani kapata mkwe wa idarani.

"Marhoon, unanisikia? Njoo Jumatano baada ya alasiri, tuzungumze khabari ya Nasriya. Mimi sasa sina neno. Na hiyo pensheni, inshallah, ipo?"

Wasomaji wangu, nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na pumzi, na ulimi, na diploma. Ningesema, "Bi Muhsina, hii ni bendi ya Waingereza." Maneno hayo hayazidi saba.

Nikasema, "Inshallah, mama."

Uongo ningeujutia siku hiyo hiyo. Hiyo inshallah nililala nayo usingizi mzuri kabisa. Ndiyo maana nakuungamieni.

Jumamosi asubuhi Sleyum kaja kwangu mbio, kofia inaelea.

"Ami, bibi kawaambia majirani wote sisi ni nani! Jana usiku... sijui niseme vipi. Kaja mwanamke na goti."

"Goti gani?"

"La kulia! Kaliweka juu ya kiti, kanambia nilitazame. Nikamwambia mama, mimi nnasoma mawe. Akasema ndivyo ninavyohisi, mwanangu, kama mawe."

"Ukafanyaje?"

"Nikalitazama."

Mike alikuwa kakaa kwenye mtungi wa gesi. "Mimi nilipigiwa simu nikatengeneze kengele ya mlango," akasema. "Nikaitengeneza. Nikapewa biriani."

"Wewe si fundi wa waya, Mike. Wewe fundi wa sauti."

"Kengele ni sauti, Mzee."

Sleyum akanishika mkono. "Ami, sema kweli. Mwambie."

"Ntamwambia."

"Lini?"

"Baada ya..."

"Baada ya nini? Harusi?"

Nikainama nikaanza kusafisha feni ambayo tayari ilikuwa safi. Kisha nikauliza lile nililotaka kuuliza tangu alipoingia.

"Nasriya kasemaje?"

"Khalati Nasriya hakuwepo, alikuwa Quriyat kwa shoga yake. Karudi jana, bibi kamwambia kila kitu."

"Kasemaje?"

"Hakusema. Kaingia chumbani, kafunga mlango."

Nikafurahi. Nikadhani haya za bi harusi. Diploma ya majokofu haikufundishi mambo hayo.

Jumatano nikafika Al Khoudh, kanzu nyeupe, kilemba kimefungwa na mtu anayejua kufunga, udi mpaka kwenye soksi. Nilikuwa nimekata shauri. Nitasema. Nitakunywa kahawa ya kwanza, kisha nitasema.

Majlis, yaani sebuleni, alikuwemo Bi Muhsina kwenye kiti chake, Sleyum pembeni kabisa karibu na dirisha kama mtu anayepima urefu wa kuruka, na Saeed, kaka yake Nasriya. Saeed kafanya kazi wizarani miaka ishirini na mbili. Hacheki ovyo. Akiingia mtu anamtazama viatu kwanza.

Nikasalimia, nikakaa. Saeed akakohoa.

"Bwana Marhoon. Idara yako nimeitafuta kwenye kitabu cha simu cha serikali."

Nikajitengeneza kilemba.

"Haimo," akasema.

"Bwana Saeed..."

"Ngoja. Nikamuuliza mwenzangu ofisini, mtu wa zamani kuliko mimi. Haijui. Nikapanda ghorofa ya juu nikauliza. Wakanitazama tu. Hakuna aliyenijibu. Wakanitazama!"

Nikasema moyoni, Marhoon, afadhali. Yamekwisha. Sema sasa, utoke na viatu vyako.

Nikafungua mdomo. Wallahi niliufungua.

Saeed akainua mkono. "Usiseme."

"Nataka kusema."

"Huwezi kusema, najua. Mimi mtu mzima. Idara isiyokuwemo kitabuni, watu wanne tu, mkubwa wao kafariki na hakuna aliyesikia, halafu ikabadilishwa jina kwa amri. Sihitaji kuambiwa ni idara ya namna gani." Akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Na hilo jina! Furaha! Nani ataishuku?"

Bi Muhsina akajifunika mtandio vizuri, kama kaingia mgeni mwingine. "Saeed," akasema polepole, "mpe mto aegemee."

Nikapewa mto. Nikapewa wa pili.

"Bwana Saeed, si hivyo unavyodhani..."

"Sidhani kitu mimi," akasema Saeed. "Sijawahi kudhani kitu." Akanisogelea. Jasho lilikuwa linamtoka. "Na ile gari ya ofisi niliyokwenda nayo Quriyat ile Ijumaa, ilikuwa kwa dharura."

"Sikukuuliza, sheikh."

"Najua. Nyinyi hamuulizi. Walikuwemo samaki, ni kweli, lakini si wote walikuwa wangu."

"Bwana Saeed, mimi na samaki wapi na wapi?"

"Jodari wawili tu ndo wangu. Waandike hivyo hivyo."

Sleyum kule dirishani kaziba uso kwa kofia yake.

Hapo akaingia Nasriya na sinia ya kahawa. Alikuwa kavaa buibui la kazini, na wino mwekundu kwenye kidole, katoka kusahihisha. Akanimiminia, akanipa kikombe, hakunitazama. Kisha akasema, "Mama, nataka maneno mawili na Bwana Marhoon. Hapo mlangoni, na mlango uwe wazi."

Bi Muhsina akatabasamu. "Nendeni, wanangu."

Nikaweka kikombe chini, nikamfuata mpaka kizingitini. Nilikuwa natabasamu pia. Mjinga hana alama usoni, nnakwambieni, mnge­niona siku ile mngeniona mtu wa maana.

"Siku ya kwanza ulipokuja hapa," Nasriya akasema, "ulikuwa na bisibisi kwenye mfuko wa kanzu."

"Nilisahau kuitoa."

"Nilipoiona nikasema, huyu ndiye. Mtu ambaye kazi yake inaonekana kwa nje."

Tabasamu langu likaanza kuchoka.

"Nilikaa na marehemu miaka kumi na moja," akasema. "Kila asubuhi ananiaga, na sijui anakwenda wapi. Nikiuliza, napewa jina la idara. Mwaka huu jina hili, mwaka ule jina lile. Siku ya maziko walikuja wanaume saba nisiowajua, wakasimama kando, na hapana hata mmoja aliyeweza kunambia kafanya naye kazi gani. Mpaka leo sijui niliolewa na nani."

"Nasriya..."

"Siolewi na idara mimi. Mama akiitaka idara, aolewe yeye."

"Nasriya, hakuna idara. Mimi ni fundi. Ile ni bendi ya muziki, ni mchezo tu wa maswali, Sleyum kautia Kiswahili..."

"Usinambie mimi hapa pembeni." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Marehemu naye alikuwa akinambia vitu pembeni. Kaseme pale. Mbele ya mama, mbele ya Saeed, kwa sauti. Mama akikataa, shauri yangu mimi na yeye. Nasimama kila siku mbele ya watoto arubaini na wawili, sitashindwa na bibi mmoja. Lakini useme wewe."

Wasomaji, fahamuni hapo. Yule mama aliyekataa, sasa anataka. Yule aliyetaka, sasa anakataa. Na dawa ya wote wawili ilikuwa moja, nayo imo mdomoni mwangu tangu Ijumaa.

Nikarudi katikati ya majlis. Sikukaa.

"Bi Muhsina. Bwana Saeed. Nna maneno, naomba mnisikilize mpaka mwisho. Mimi si mtu wa idara. Sijawahi kuwa na idara. Mimi ni fundi wa AC, Wadi Kabir, nimefanya kazi hiyo miaka ishirini na moja, na Disemba ni kweli kazi inapungua. Sina pensheni. Joy Div... Hiyo Idara ya Furaha ni bendi. Vijana wa Kiingereza, magitaa na ngoma. Tulijibu maswali kwenye karatasi, karatasi ikasema tabia yangu inafanana na bendi hiyo. Bi Muhsina, uliponiuliza khabari ya pensheni nilishafahamu kuwa umekosea, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilimtaka mwanao. Hiyo ni khiyana, na nnaomba radhi."

Mzigo ulitua. Niliusikia unavyotua.

Saeed akamtazama mama yake. Bi Muhsina akamtazama Saeed.

Kisha Saeed, mtu asiyecheka ovyo, akacheka.

"Mashallah," akasema. "Umemwona, mama? Hata jicho halikupepesa."

"Nimemwona."

"Ndivyo wanavyofundishwa. Mmoja atakwambia muuza samaki, mwingine dereva. Huyu fundi wa AC! Nani atamkataza fundi wa AC kuingia nyumbani kwake? Anapanda mpaka juu ya paa!"

"Bwana Saeed, mimi fundi kweli!"

"Fundi, fundi. Hapana aliyebisha."

"Kuku wa watu nimeua mimi!"

"Hapo ndipo nilipokushuku," akasema Bi Muhsina kwa mapenzi. "Fundi wa kweli hawezi kuwa mbaya namna ile."

Sleyum akaruka kutoka dirishani. "Bibi, anasema kweli! Ni bendi! Bendi ya muziki, mimi ndiye niliyekosea, wallahi ni bendi!"

"Hilo nalo la kushangaza?" akasema bibi. "Polisi wana bendi. Jeshi lina bendi, mpaka juu ya ngamia wanapiga. Sasa idara nzima ya furaha ikose bendi?"

Sleyum akakaa chini.

Nikafanya lile la mwisho lililobaki. Nikakunja mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko, nikawanyooshea mikono yangu. Makovu ya bomba za shaba, kucha iliyong'olewa na feni mwaka wa tisini na nne, alama ya moto wa kulehemu kutoka hapa mpaka hapa. Miaka ishirini na moja ya Wadi Kabir, yote imeandikwa pale.

"Tazameni," nikasema. "Hii ni mikono ya mtu wa ofisini?"

Saeed akainama, akaitazama kwa karibu. Akapiga mluzi mdogo.

"Mpaka mikono wamemtengenezea," akasema.

Nikageuka kumtafuta Nasriya. Alikuwa kasimama mlangoni, kasikia yote. Nilifanya alilonambia. Nilisema pale, kwa sauti, mbele ya wote. Nikamtazama nikingojea aingie, asimame upande wangu kama alivyoahidi.

Alikuwa anaitazama mikono yangu. Aliitazama muda mrefu, kama anavyotazama daftari la mtoto ambaye jibu kalipata na njia haionekani.

"Marehemu," akasema, "alikuwa akiwaambia watu kuwa yeye fundi wa saa."

Nikaanza kuishusha mikono ya kanzu, naye akaongeza:

"Mikono yake nayo ilikuwa na makovu."

"Nasriya," nikasema, "njoo Wadi Kabir kesho. Njoo ulione duka."

"Yeye pia alikuwa na duka," akasema.

Bi Muhsina hakuwa akimsikiliza. Alikuwa kashaanza kuhesabu kwa vidole. "Basi tuseme mwezi ujao," akasema, "baada ya mitihani ya shule." Saeed akasema amina.

Nasriya akaingia. Akainama mbele yangu, akachukua kikombe changu, kahawa bado ya moto na mimi sijaionja, akakirudisha kwenye sinia, akaenda nacho ndani.